Saba Mara Nane Ni Zamu Yako

Chumbani kwa Mama,
Jumapili asubuhi

Mpendwa Kitindamimba wetu,

"Kukariri hesabu ni elimu ya kasuku." Umeandika hayo wewe, mwalimu mkuu mzima, na sasa unataka kuyabandua majedwali ya kuzidisha shuleni kwako! Nitakujibu. Ila salamu kwanza, nisije nikasemwa sina adabu. Hujambo? Wifi hajambo? Kifua chako kimepoa? Sisi wazima, na shemeji yako bado analalamika kwamba nagombana hata na redio.

Habari kubwa ni Mama. Tangu kiharusi kimpige hakuwa ametamka neno. Hata maji alikuwa akiyaomba kwa kidole.

Jumatano mtaalamu wa matamshi alimwonyesha picha: kiti, nyumba, paka. Kimya. Nami nikikunja shuka nikajisemea tu, kama enzi zile tukiosha vyombo: "Saba mara moja?"

"Saba," akasema Mama.

Shuka likaniponyoka. Saba mara mbili? Kumi na nne! Mtaalamu akajikuta ameketi kitandani. "Endelea, dada, usinyamaze!"

Ndugu yangu, nimesoma mengi na kubishana na wengi, lakini la siku ile sijawahi kuliona. Ugonjwa umepita ndani ya mama yetu ukazoa hata majina ya wanawe, ukashindwa na jedwali la saba. Kasuku gani huyo? Na maana Mama hakutunyima: alitupangia maharage mezani, mafungu ya saba saba, tukaelewa, ndipo akatuimbisha mpaka yakatuingia damuni. Mtoto anayehangaika na saba mara tatu atabakiwa na akili gani ya kupambana na aljebra?

Jana aliomba maji kwa mdomo wake. Leo ameniita Pilipili. Nimelia kama mtoto.

Lakini kuna mahali anakwama. Unakumbuka zamu zetu? Saba mara sita ya kaka, saba mara saba yangu, saba mara nane yako, nawe kila siku ulisema hamsini na nne, tukacheka mpaka povu la sabuni likaturukia. Akifika hapo ananyamaza. Nikimjibia, anatikisa kichwa na kutazama mlango.

"Zamu yake," anasema.

Kaka na shangazi wanakusalimu. Nibusie wanao. Mungu awatunze nyote, na azidi kumrudishia Mama maneno yake.

Basi hayo majedwali yaache ukutani, ushike simu leo hii, umwambie mama yako hamsini na sita. Na usithubutu kukosea.

Akupendaye hata akikugombeza,
Dada yako Pilipili