Mnara Wenye Matawi

Wanja mjukuu wangu,

Hatujambo huku Karurumo, na mguu wa babu yako umepona. Umeuliza kwa nini, majirani tulipochora ukuta wa soko, mimi nilichora mnara wa simu wenye matawi. Nikiwa msichana, hapo penye mnara palikuwa na mti mkubwa wa muringa. Dada yangu alipoolewa Meru tuliagana chini yake, akaniambia, "Ukinikumbuka, njoo ukae hapa." Nilikaa Jumapili nyingi, hadi mti ukakatwa. Mnara ulipowashwa, simu yangu ya kwanza ilitoka kwake. Nilifurahi kumsikia, lakini macho yangu yalikuwa yakitafuta majani. Nadhani mtu anaweza kuvipenda vyote viwili. Pale ukutani nimeacha nafasi bila rangi. Nangoja uje uijaze.

Nyanya yako,
Marigu