Bastola Niliyomchagulia Babu Yako

Kabula, koma! Koma kabisa kuandika mambo ya marehemu usiyoyajua.

Leo Jumapili. Hapa Bariadi upepo wa vumbi umeanza tangu asubuhi, na chai yangu imepoa sijaigusa. Blogu hii ni ya mjukuu wangu Kabula. Yeye kaenda kanisani, simu kaiacha mezani. Mimi niliishia darasa la nne, lakini herufi nazijua. Kidole kimoja kinatosha.

Jana tulikuwa tunapukuchua mahindi, akaniuliza, "Bibi, jasusi wangu nimpe bastola gani? Nataka ijifiche vizuri chini ya koti."

"Mpe jembe," nikamwambia. "Jembe halifichwi."

Akacheka, akanisomea hadithi yake. Kumbe jasusi mwenyewe ni babu yake, mume wangu! Na mwishoni rafiki yake Ngasa anamuuza kwa wezi wa ng'ombe.

Nikaendelea kupukuchua.

Kijiji kizima kinasema hivyohivyo. Ngasa alikwenda naye mnadani Bukundi, akarudi peke yake. Tangu hapo watu wakilima kwa zamu, shamba la Ngasa wanaliruka. Sasa amezeeka, anapita hapa mbele ya nyumba yangu anaangalia chini.

Ngasa hakumuuza mtu.

Mabwana wa serikali waliomtuma mume wangu awachunguze wale wezi walimpa bastola mbili achague moja. Akaja nazo nyumbani kwenye taulo. Moja ndogo, inakaa kiganjani kama kiazi. Nyingine ndefu, nzito kama mchi. Yeye aliitaka ndogo. "Hii haitaonekana, mke wangu."

Mimi na mdomo wangu huu! "Hicho kidude hata kuku hakimshtui. Mwanaume mzima unakwenda kwa wezi na mchezo wa watoto?"

Akachukua kubwa. Mfuko wa ndani ya koti niliushona mwenyewe, hapa kwenye mbavu, uzi mara mbili. Nikajisifu.

Sasa nani asiyejua mnada? Mnunuzi wa ng'ombe anachuchumaa. Anashika kwato, anachungulia chini ya tumbo, anainuka na mavi mikononi. Mume wangu siku ile, anajifanya mnunuzi, alisimama wima kama mwalimu wa gwaride. Angeinama, chuma kingemchoma mbavu na koti lingechora kila kitu.

Mama mmoja aliyekuwa anauza uji pale mnadani alikuja msibani, akanivuta pembeni. Aliona yote. Wezi walimtania mume wangu, "Mzee, unanunua ng'ombe au unamposa?" Watu wakacheka. Halafu mmoja wao akaacha kucheka, akaliangalia koti. Muda huo Ngasa alikuwa huko mwisho wa mnada anafunga mbuzi wake kamba.

Mume wangu walimkuta korongoni kesho yake, ameshakufa. Koti nilirudishiwa. Pale kwenye mbavu limechanwa, bastola haipo. Mifuko mingine wezi hawakuugusa hata mmoja. Walijua ilipo.

Yule mama nilimwomba anyamaze, na mimi nikanyamaza. Niliona afadhali watu wamseme Ngasa kuliko wanijue mimi.

Najiita mwanamke jasiri. Jasiri gani huyu?

Watoto wa Ngasa wamekosa posa kwa ajili yangu. Mkewe amekufa, tukamzika watu wachache tunahesabika, na mimi nilisimama pale kaburini na kitenge changu kizuri. Halafu wewe, ng'wana wane, mwanangu, unataka kuyasambaza tena, wayasome hadi watu wasiomfahamu!

Jasusi hauawi na bastola ndogo. Anauawa na mke mwenye kiburi.

Kabula, ukirudi usivue viatu. Futa lile jina la Ngasa, andika kwamba bibi ndiye aliyechagua, na usinipambe. Kisha fungua sanduku langu, toa koti, tulipeleke kwa Ngasa leo leo, watu wakiwa bado barabarani. Wewe libebe juu juu waone palipochanika. Kusema, nitasema mimi.