Jogoo wa Chimala na Pumzi Moja ya Mama Hetal

Mbeya, Jumapili

Baba yangu,

Shikamoo. Na kamwene ya Kihehe chetu nayo naiweka papa hapa, maana nikikusalimia kwa moja tu utasema mji umeniharibu. Miguu inaendeleaje na baridi ya huko Kilolo? Mama ameacha kukohoa? Mimi mzima, nakula, nalala, na kazi dukani zipo. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ukisikia neno "mbio" tu, unakata. Barua haikatiki. Na kwa kuwa miwani yako bado imevunjika, najua anayekusomea ni Neema mwenyewe. Neema mdogo wangu, soma yote, usiruke, na usichekecheke.

Nimesikia mwalimu wa Neema amemchagua kwenda Iringa mjini kukimbia kwenye michezo ya shule, na wewe umekataa. Umesema msichana akizoea kukimbia, siku moja ataikimbia na ndoa. Sibishani nawe, Baba. Nakusimulia tu habari za huku.

Unamkumbuka Mama Hetal, mke wa bosi wangu, yule mama wa Kihindi aliyekutumia viungo vya chai? Mnene kiasi, mpole, siku nzima yuko nyuma ya kaunta anapima dengu na mchele. Ufunguo wa stoo ameufunga kwenye utepe uliochakaa wenye kipande cha chuma cha duara. Mwaka wa tatu huu naushika ule utepe nikidhani ni urembo wa ufunguo. Kumbe ni medali, Baba! Kabla hajaolewa akaletwa huku, alichezea timu ya jimbo lao kule India, mchezo unaoitwa kabadi. Unaingia upande wa wapinzani peke yako, unamgusa mmoja wao, unarudi kwenu kabla hawajakukamata, na muda wote huo huruhusiwi kuvuta pumzi. Ili waamini huvuti, unasema "kabadi kabadi kabadi" mfululizo. Wakachukua ubingwa. Nikamuuliza walipokewaje. Akasema, "Tulipanda basi. Nikafika nyumbani, mama akauliza maziwa nimepitia?" Wenzake wa michezo mingine ya jimbo nao hivyo hivyo. Mrusha mkuki wao sasa anashona blauzi, na mnyanyua vyuma anafundisha chekechea. Hakuna anayewajua. Niliumia, sikufichi.

Sasa, Siku ya Wanawake, sisi wa madukani na akina mama wa sokoni tulifanya bonanza kwenye uwanja wa shule. Kuvuta kamba tulishindwa. Kukimbia na yai kwenye kijiko, yai langu nililikanyaga mwenyewe. Ikabaki kukimbiza kuku. Wakaleta jogoo kutoka Chimala, mrefu, mwekundu, aliyekulia kwenye mpunga, ana kiburi huyo! Akamwangusha mama muuza ndizi, akapita katikati ya miguu ya mwenyekiti wetu, mwishowe tukabaki tumeshika viuno tunahema.

Mama Hetal alikuwa amekuja kugawa bajia tu. Nikamwona anavua ndala. Mtandio akaufunga kiunoni. Akainama, mikono mbele, akaanza kumsogelea yule jogoo huku midomo inamcheza: "Kabadi kabadi kabadi kabadi..."

"Gwe! Anamroga!" akapiga kelele mama muuza ndizi.

Watu wakarudi nyuma. Hata jogoo alisimama kusikiliza. Bosi akawa anaita, "Mama Hetal, goti! Angalia goti lako!" Goti gani? Mama aliruka, Baba, akadaka miguu yote miwili, akamburuta mpaka kwenye mstari, ndipo akavuta pumzi. Uwanja mzima vigelegele. Nikageuka, namwona Bosi anafuta machozi. Miaka yote ile medali alikuwa anaijua, lakini mkewe hakuwahi kumwona akicheza.

Tatizo likaja kwenye zawadi, kwa kuwa zawadi ni jogoo mwenyewe. Sisi tulishaanza kuulizana nani ataleta vitunguu. Mama Hetal kwao hawali nyama, na hakubali kiumbe achinjwe kwa ajili yake. Akamkumbatia, akaondoka naye. Sasa jogoo anaishi dukani, analala juu ya magunia ya mchele, na mteja akiomba apunguziwe bei, anawika. Nilipoambiwa nimpe jina, nikasema bila kufikiri: Mzee wa Kilolo. Usikasirike, Baba. Anaheshimiwa kuliko mimi.

Habari ya Neema nilimweleza Mama Hetal. Aliuliza tu, "Kwenu kuku anakamata nani?" Swali hilo nakuletea wewe. Kila Krismasi, Baba, jogoo akishakushinda mbio pale uani, huwa unamwita nani?

Wanafunzi wanaondoka kwenda Iringa wiki ijayo. Msalimie Mama, na babu pale anapoota moto, na mjomba fundi baiskeli mwambie kofia aliyoniagiza nimeiona, nitamletea. Shangazi wa ng'ambo ya bonde simtumii salamu kwa maandishi, zake zinapelekwa sasa hivi.

Neema, ukifika hapa weka barua chini, vua ndala, ukimbie mpaka kwa shangazi umsalimie, kisha urudi. Na wewe Baba, usiseme ndiyo wala hapana kwanza. Toka nje umtazame.

Ni mimi binti yako,
Tumaini