Ushuhuda wa Absalom

Voi, 4 Machi 1948

Dada yangu Nyevu,

Hujambo? Mama naye hajambo? Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa ujanani. Ule ugonjwa wa sukari ulionilaza mwaka jana umekwisha. Mzee mmoja hapa alinipa mizizi ya kuchemsha. Nimekunywa, kiu imekoma, mwili umerudi. Nilipotoa ushuhuda kanisani watu walilia. Mwambie Mama aache sindano, anywe mizizi hii.

Kaka yako,
Absalom

Chaani, 15 Machi 1948

Kaka, shikamoo.

Hatujambo, ila miguu ya Mama inamchoma. Nimefurahi umepona. Lakini daktari anasema sukari yako huenda ni nyepesi. Ya Mama bila sindano inaua. Tena jirani yetu Kaviha alikunywa mizizi kama hiyo, na tulimzika Krismasi. Nani atamwita Kaviha kanisani ashuhudie? Mama asiguse mizizi yako, tafadhali.

Mdogo wako,
Nyevu

Voi, 27 Machi 1948

Nyevu,

Salamu. Kumbe mimi mwongo? Daktari wako anasema ya kitabuni, mimi nasema ya mwilini mwangu. Namtuma Masha, mwenzangu wa reli, akamweleze Mama mwenyewe.

Kaka yako,
Absalom

Chaani, 2 Mei 1948

Kaka,

Sina salamu njema. Mama ametutoka.

Masha alikuja nikiwa shambani. Niliporudi nilikuta sufuria ya mizizi inachemka. Nilimsihi Mama mpaka nikapiga magoti. Akanambia, "Daktari simjui, Nyevu. Absalom nimemzaa." Sindano akazikataa. Akawa anamaliza mtungi wa maji na kiu haiishi, pumzi ikawa nzito, akalala asiamke. Tumemzika Alhamisi.

Mdogo wako,
Nyevu

Voi, 8 Mei 1948

Dada yangu,

Pole. Nimelia sana. Lakini dawa tusiisingizie. Pengine Mama aliinywa na shaka moyoni. Ulikuwa umekwisha kumtia hofu. Hapa mtu mwingine amepona. Mchungaji wa Kongowea ameniita nishuhudie Jumapili ya Pentekoste. Nitapita Chaani nilione kaburi.

Kaka yako,
Absalom

Chaani, 12 Mei 1948

Absalom,

Usipite Chaani. Tutaonana Kongowea. Nimekwenda kwa mchungaji, amekubali: ukimaliza wewe, nitasimama mimi. Nitamtaja Mama kwa jina lake, Kanze wa Garama, nieleze alichokunywa, aliyemwambia anywe, na alivyokufa. Kisha watu waamue wamlilie nani.

Nyevu