Nilipanga Safari ya Kalambo, Nikabaki Tunduma

Jumapili jioni, Juni. Baridi, upepo, vumbi.

Upepo wa Tunduma mwezi huu hauna adabu. Unapita chini ya mlango, unaingia kwenye unga, unaingia hadi kwenye mswaki. Malori yamepanga foleni kuelekea mpakani tangu asubuhi na madereva wamejifunika mablanketi. Mimi nimekaa sebuleni kwangu, kwenye kochi langu, kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Nina hasira. Naandika sasa hivi kwa sababu zikinitoka nitaanza kujidanganya kwamba sikuumia.

Watu wa nyumbani kwangu walikuwa Kalambo kutazama maporomoko. Waliondoka jana alfajiri, wakalala Matai, wamerudi leo alasiri. Safari hiyo niliipanga mimi, kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho.

Mimi sikwenda.

Nafundisha shule ya msingi hapa mjini, huu mwaka wa kumi na nne. Kila mwaka tukifika kwenye mada ya mito na maziwa nachora Kalambo ubaoni: mstari mrefu wa kusimama, Tanzania huku, Zambia kule. Nachora vizuri sana. Sijawahi kuyaona hayo maji. Na wala si mbali kihivyo, ukitoka hapa asubuhi unapita Laela, Sumbawanga, Matai, mchana umefika. Watu wanapanda ndege kutoka nchi za nje kuja kuyatazama. Mimi jirani nayachora kwa kukisia.

Mwaka jana nikasema basi, inatosha. Baba Neema, mume wangu, akasema sawa, ila panga wewe, mimi mambo ya kupanga siyawezi. Kweli hayawezi. Nikapanga. Nilimtafuta mwalimu mmoja niliyesoma naye chuo, yuko Matai, akanieleza barabara kipande kwa kipande. Nikajua gesti ipi ina maji ya moto. Nikajua kwamba ukishaegesha gari njia zinagawanyika, moja inakwenda kwenye ngazi ndefu za kushukia bondeni, nyingine inakwenda mahali pa kutazamia ukiwa juu. Nikajua kwamba ukichelewa hadi Septemba au Oktoba maji yanapungua, utasafiri kote huko kwenda kutazama mawe. Ndiyo maana nikachagua likizo ya Juni. Nikaongea na dereva wa Noah. Nikanunua raba nyeupe, mimi ninayelijua vumbi la hapa.

Halafu baba mkwe akaja.

Baba Neema ni Mndali wa Ileje. Baba yake anaishi huko milimani, juu ya Itumba, na alikuja kwetu kutibiwa macho. Sasa katika ukoo wao kuna utaratibu wa mke wa mtoto na baba mkwe. Hampeani mkono. Hamketi chumba kimoja, hamli pamoja, jina lake hulitaji. Yeye akija huku, wewe unapita kule. Ukikutana naye njiani unatoka pembeni, unapiga magoti, unaangalia chini hadi apite. Si chuki hata kidogo, ni heshima, na yeye ananiheshimu vivyo hivyo. Mzee wa watu akitaka kutoka chumbani anakohoa kwanza ili nipate muda wa kuondoka.

Kwa hiyo wiki mbili nimeishi uani. Nilikuwa nasahihisha madaftari nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Siku moja binti yangu Neema akamsimulia babu yake habari za Kalambo. Mzee akamwambia mwanawe, nami nasikia kupitia dirisha la jikoni: "Daktari amesema jicho lililobaki nalo linakwenda. Nipelekeni na mimi nikaone hayo maji, ningali naona."

Utamkatalia nani maneno kama hayo? Machozi yalinitoka. Nilikuwa namenya viazi, nikaviacha kwenye sufuria nikajifuta kwa kanga. Ilinichukua muda kidogo kuelewa kwamba nimeshashushwa kwenye gari.

Nilijaribu. Nilimwambia Baba Neema nitakaa siti ya nyuma kabisa nijifunike. Akanitazama kama niliyemtukana. Nikasema basi mimi nitapanda basi, tukutane huko huko.

"Na ngazi je?" akasema. "Ngazi ni zile zile, Mama Neema. Wewe unapanda, Mzee anashuka, utajificha wapi? Utajirusha?"

Tukacheka wote wawili. Ndiyo, na mimi nilicheka. Hilo nalo linaniuma.

Lakini kinachonichoma hasa ni kwamba siti yangu haikubaki tupu. Aliikalia Salma, mke wa mdogo wake Baba Neema. Salma ni wa Tanga, wanaishi Vwawa. Siku alipoletwa ukweni mara ya kwanza alimwendea Mzee moja kwa moja, akampa mkono, "shikamoo baba", akaketi naye benchi moja. Sisi wanawake tuliokuwa jikoni tulishika vinywa. Mzee akatazama huku na huku, akacheka, akasema, "Mwacheni, huyu hajui."

Miaka sita imepita, Salma bado hajui. Anakula naye sahani moja. Anamtania. Anamkatia kucha.

Na mimi je? Mimi ni Mnyiha wa Mbozi. Kwetu mambo haya yalikuwepo, ila nyumbani yalishalegea zamani. Baba yangu ni mzee wa kanisa na anakunywa chai meza moja na wake za kaka zangu. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliniita pembeni kabla ya harusi akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, utaziweza mila zetu, au tukusamehe?" Alinifungulia mlango mwanamke yule. Nikajibu nitaziweza. Nilitaka wanipende. Nilitaka waseme yule Mnyiha ana adabu. Na kweli wamesema, kwenye kila msiba na kila harusi, miaka yote hii. Adabu hiyo hiyo ndiyo iliyoninyima siti.

Simlaumu Salma. Hapana, namlaumu. Kidogo.

Jana walipoondoka nilikuwa nyuma ya nyumba nasikiliza milango ya gari ikifungwa. Niliwakaangia kuku, nikawafungia na chapati, nikamkabidhi Neema daftari langu lenye maelekezo yote ampe baba yake. Gari likaondoka. Nikaanza kufua, na nilifua hadi vitu visafi.

Acha niungame. Nikiwa kwenye kamba ya nguo niliomba ukungu. Niliomba ukungu mzito ushuke Kalambo, wasione hata tone, warudi kama walivyokwenda. Mwalimu mzima, mwanakwaya, naomba ukungu. Kisha nikakumbuka jicho la Mzee, nikaomba upya kwamba uondoke. Sikujua Mungu ameshika ombi lipi.

Mchana Baba Neema akapiga simu. Kulikuwa na mvumo nyuma ya sauti yake, nikadhani ni mtandao. Yalikuwa maji.

"Mama Neema, hapa njia zimegawanyika na daftari tumeliacha gesti. Ya kwenda kutazamia ni ipi? Mzee ngazi haziwezi."

"Shikeni ya kulia," nikasema. "Mwangalieni, kuna mahali panateleza."

"Salma amemshika mkono," akasema, simu ikakatika.

Nilibaki pale nimeshika shuka lililolowa. Watu wamesimama mbele ya maporomoko na wanamwuliza njia mtu aliye Tunduma anaanika nguo. Na mtu huyo anaijua.

Jioni Salma akatuma picha kwenye grupu la ukoo. Mzee amesimama kwenye kizuizi, kidevu juu, jicho lake amelikaza kwenye maji na mdomo uko wazi. Salma kando yake. Chini ameandika: "Familia nzima Kalambo." Nimeitazama picha ile mara nyingi kuliko ninavyotaka kukubali. Ni picha nzuri. Sikumwonea wivu Mzee hata kidogo, nilifurahi kwa ajili yake, na wakati huo huo nilitaka kuitupa simu chooni. Nikaandika "Hongereni". Nikafuta. Nikaandika tena, nikatuma.

Familia nzima!

Leo alasiri gari limewashusha Baba Neema na Neema hapa, likaendelea na Salma kumrudisha Mzee kwake Ileje. Baba Neema ameoga, amekula, ameketi kwenye kochi akiwa na furaha ambayo sijaiona kwake siku nyingi.

"Mzee amefurahi mno," akaniambia. "Akauliza, mambo yote yamenyooka hivi, nani kapanga? Nikamwambia mkwe wako. Akasema mwambieni ahsante sana. Na mwakani, kama jicho litakuwepo, utupangie na yale ya Livingstone, kule Zambia."

Aliyasema akitabasamu. Hakuona chochote. Alikuwa ananiletea sifa, na alidhani nitazipokea kwa mikono miwili kama kawaida yangu.

"Na mimi je?" nikamwuliza.

"Wewe nini?"

Hakuniuliza kwa ubaya. Kweli hakuelewa. Nikasubiri afikirie. Akafikiria, akasema tutakwenda siku nyingine sisi wawili, na akachukua rimoti.

Nikatoka uani. Mzee hayupo, sebule ni yangu, na bado miguu ilinipeleka uani. Nikasimama hapo nikampigia wakala wa mabasi ya Sumbawanga. Akauliza siti ngapi, dada. Nikasema moja. Akauliza ya wapi. Nikasema dirishani. Akauliza jina la abiria, na nusura niseme Mama Neema. Nikamtajia jina langu, lile la kwenye vyeti, nikalitamka polepole aliandike vizuri. Yule mwalimu wa Matai atanipokea stendi.

Nimerudi ndani, nikamkuta Baba Neema amesinzia, nikakaa kwenye kochi la pili kuandika haya. Basi linaondoka Jumatano alfajiri. Yeye bado hajui. Najua atauliza nani atapika, na watu wa kwao Ileje watasemaje wakisikia. Naogopa, sitaki kusema uongo. Miaka kumi na mitano ya sifa si kitu cha kuchezea, na mimi nilizipenda.

Kesho asubuhi akiwa anakunywa chai nitamwambia. Sitamwomba ruhusa. Nitamuaga.