Nimemkabidhi Wifi Darasa Lenye Siri ya Mwanawe

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijaumbuka, maana tangu jana mchana barua hii nimeirudia mara tatu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nina ujauzito wa miezi minane, na kwa kuwa naanza likizo ya uzazi mwalimu mkuu aliniagiza nimkabidhi wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tunafundisha naye shule moja, darasa langu la mtandaoni, lile ambalo wanafunzi hutumia kunitumia kazi za nyumbani nami nikazisahihisha. Nikaona ni jambo dogo, nikaketi chumba cha walimu, nikamtumia mwaliko wa kuwa mwenye darasa, naye akiwa meza ya pili akabonyeza kukubali, akacheka akaniambia, "Haya wifi, kajifungue kwa amani, watoto ni wangu sasa."

Mshauri, hata kicheko hakijaisha, mwalimu wa kompyuta aliyekuwa akipita na kikombe chake cha chai akamwambia, "Na ujue vyote vimehamia kwako, alama, kazi za nyuma, mpaka yale maoni ya faragha wanayoandikiana mwalimu na mwanafunzi." Miaka yote nilidhani maoni yale ni ya watu wawili tu, mimi na mtoto, basi.

Sasa sikia kosa langu. Katika darasa hilo yumo binti wa pekee wa wifi, ana miaka kumi na sita, darasani ananiita mwalimu na nyumbani ananiita anti. Muhula huu niliwapa zoezi la kurithi maumbile, kila mtu achore ukoo wake aonyeshe nani ana vishimo vya mashavu na nani hana, na yeye akaujaza upande wa mama vizuri kabisa, upande wa baba akauacha mtupu. Nikamwandikia pale chini, "Mbona nusu?" Akanijibu, "Mama anasema baba alifariki kabla sijazaliwa na picha zake hazipo. Upande wa mama hakuna mwenye vishimo, mimi ninavyo. Nimevitoa wapi, anti?"

Hapo ndipo mdomo ulipoponza kichwa, kwa sababu mimi najua baba yake yu hai, ana karakana ya kuchomelea mageti mji wa jirani, mume wangu aliniambia tukiwa wachumba akaniapisha nisimwambie mtu, na mimi kwa huruma, au kwa kiherehere, sijui, nikamwandikia mtoto yote palepale chini ya zoezi, jina la baba, namba ya simu niliyoipata kwenye tangazo la karakana, na mwisho nikaweka, "Usimwambie mama." Wameshaonana mara mbili. Binti amenisimulia kila kitu humo humo.

Mume wangu hajui. Wifi bado hajasoma, ila jana jioni amenitumia ujumbe kwamba shule zikifungwa wiki ijayo atapitia kazi zote za muhula, moja baada ya nyingine, na wifi akisema atapitia hupitia kweli. Bado nimo darasani kama mwalimu msaidizi, kwa hiyo maneno yangu naweza kuyafuta, ya mtoto siwezi. Je, nifute yangu na nimwambie binti afute yake? Nimwombe wifi anirudishie darasa, nisingizie kuna hitilafu? Au ninyamaze nijifungue kwanza?

Ni mimi, Mwalimu Aliyejikaanga kwa Mafuta Yake

JIBU

Mdogo wangu, barua yako nimeitanguliza mbele ya zote. Nilianza kuisoma nimekaa, nikaimaliza nimesimama.

Pole kwa hofu, na hali yako hiyo. Pole imeishia hapo. Unalia kwamba wifi ataona. Mimi kilichonishtua ni kwamba kuna cha kuona. Hivi huyo mwanamume ulimjua? Umewahi hata kumtia machoni? Mwanamke hamziki mtu akiwa hai bila sababu. Huenda alipigwa, huenda aliachwa na mimba, huenda ni hasira tu. Hujui! Ulichonacho ni maneno ya uchumba, na kwa maneno hayo umemtuma binti wa miaka kumi na sita kwa mtu asiyemjua, kimya kimya, na mwalimu wake ndiye aliyemwambia afiche. Nilipofika hapo nilishika kichwa.

Usinielewe vibaya, wifi yako naye amekosea. Mtoto ana haki ya kumjua aliyemzaa. Lakini wa kusema alikuwa mama mwenyewe, au mumeo akimbana dada yake, si wewe chini ya zoezi la vishimo.

Usifute hata nukta. Ukifuta yako yakabaki ya mtoto, itaonekana binti alimtafuta baba peke yake, na fimbo yote itamwangukia yeye. Ukimwambia naye afute, umemfundisha uongo wa pili. Hiyo hitilafu ya kusingizia usiitaje kabisa. Wifi yako ni mwalimu, si mtoto. Na habari ya kujifungua kwanza, mficha uchi hazai, mdogo wangu.

Leo mumeo akirudi kazini, mwambie. Atafoka, mwache afoke, kiapo umekivunja. Kesho mchukue binti pembeni, umweleze kwamba mama yake atajua, kwamba kosa ni lako, na kwamba asikanyage tena karakana ile mpaka mama aseme. Siku hiyohiyo nendeni wewe na mumeo kwa wifi. Usianze na "samahani kama nimekukosea." Sema, "Nimekukosea," kisha umfungulie ukurasa mwenyewe asome ukiwa umekaa mbele yake. Akikufukuza, toka bila kujibu. Mumeo abaki, binti asiachwe peke yake na mama yake siku hiyo.

Baba atapiga simu kuuliza mbona binti haji. Asubiri. Amekaa miaka kumi na sita bila kubisha hodi kwenye mlango wa mwanawe, wiki moja haimshindi.