Watu Wangapi Waende Elisabethville

Likasi, Jumatatu jioni, mwisho wa mwezi wa saba, 1961

Leo baridi imetuuma tangu alfajiri, ile baridi kavu ya huku kwetu inayopasua midomo, na moshi wa majani yanayochomwa porini ulilala juu ya mji mpaka saa nne. Hata bomba la moshi la kiwanda cha shaba halikuonekana. Lakini nina furaha. Naandika nikiwa nimekaa mlangoni, jua la mwisho liko magotini mwangu, na mke wangu, mama Georgette, yuko nyuma ya nyumba anatwanga sombe, majani ya muhogo, na kuimba.

Ningeweza kuishia hapo, daftari langu. Ila wiki hii nilifanya jambo la aibu, leo limenyooka, na nikikosa kuliandika lilivyokuwa nitaanza kujidanganya kwamba tangu mwanzo nilikuwa mtu mwema.

Habari yenyewe ni ya gofu.

Mimi ni kapita, msimamizi wa wabeba mifuko kwenye uwanja wa gofu wa hapa. Huu ni mwaka wa kumi na mbili. Jumamosi na Jumapili tunawafuata Wazungu na mifuko yao ya fimbo. Jumatatu uwanja unafungwa, na tangu uhuru, Wazungu wengi walipokimbia na waliobaki wakawa wapole ghafla, mlinzi anatuacha tucheze wenyewe. Tuko watano. Mumba na Kabwe, marafiki tangu utoto ambao hawawezi hata kusalimiana bila kubishana. Léon, mdogo wa mke wangu. Kalombo. Na mimi.

Jumatatu iliyopita nilipata barua kutoka kwa kapita mwenzangu wa Elisabethville. Anatualika tupande treni, tulale kwake usiku mmoja, tucheze kwenye uwanja wao, sisi na wao. Aliuliza jambo moja tu: "Mutakuya bangapi? Mama ya nyumba anataka kujua ukubwa wa nyungu."

Nilifurahia swali hilo, maana kwa mambo hayo mimi ni mwalimu. Miaka yote hii nimetembea nyuma ya watu nikihesabu. Wakiwa wawili, wanaanza kama ndugu, wakifika shimo la tisa hawasemezani tena na mbebaji ndiye anayepeleka maneno huku na huku. Wakiwa watatu, wawili wanaongea na mmoja anatembea peke yake akipiga majani. Watano ni kungoja: wa tano anangoja, mwili unapoa, anapiga vibaya, halafu anamlaumu aliyembebea. Wanane si gofu tena, ni harusi. Sita niliwaona mara moja, walimpoteza mmoja wao kwenye vichaka na hawakujua mpaka bia ilipobaki moja mezani.

Wanne ndiyo dawa. Wawili wakigombana, wawili wengine wanapatanisha.

Nilimweleza mke wangu haya yote tukiwa tunakula. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kama ungejua kuhesabu sukari vile, hatungekunywa chayi ya bule kila siku."

Wanne, basi. Na sisi tuko watano.

Léon hakatwi. Ndugu ya mke ukimkata, nani atakupikia? Ingawa ukweli ni kwamba Léon hachezi gofu, analima. Kila akipiga, udongo unaruka kuliko mpira. Tukimfuata nyuma na mbegu tutavuna mahindi. Mumba na Kabwe ukimkata mmoja umekata wote. Mimi ndiye niliyeandikiwa barua. Sasa hesabu mwenyewe, daftari langu, amebaki nani.

Amebaki Kalombo, ambaye anatupita wote.

Kalombo anacheza kwa mkono wa kushoto. Anakula kwa mkono wa kulia, anaandika kwa wa kulia, anafanya alama ya msalaba kwa wa kulia, lakini akishika fimbo ya gofu tu anageuka. Alijifunza kwa kumtazama Mzungu ambaye yeye alimbebea mfuko, na bwana yule alikuwa wa kushoto. Kalombo alidhani ndivyo mchezo ulivyo. Alipoona wengine wanasimama upande mwingine, alifikiri wao ndio wanaokosea, na siku aliyojua ukweli mwili ulikuwa umekwisha kuzoea. Mwaka jana bwana yule alipoondoka alimwachia mfuko wake mzima. Ni fimbo nzuri sana, na sisi wengine hatuwezi kuzitumia hata moja. Sisi wanne tunagawana mfuko mmoja, fimbo inatoka mkono huu inaingia mkono ule.

Hapo nikapata pa kujificha.

Jumatano nilimkuta anaosha mipira nikamwambia, "Kalombo, tuko na mufuko moya, unatosha bantu bane. Wako utakuwa muzigo ya bule mu treni."

Alinitazama kidogo. "Bon," alisema. "Mukuende bane." Kisha akauliza kama kikohozi cha mtoto wangu kimepungua.

Nilishusha pumzi.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilishusha pumzi.

Mfuko wake haukuwa na kosa lolote. Kalombo alizaliwa hapa, alibatizwa hapa, siku ya komunyo ya kwanza tulisimama mstari mmoja. Lakini baba yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba, na karatasi ya Kalombo imeandikwa Kasai. Tangu Katanga imejifanya nchi peke yake, na bendera yake na stempu zake, watu wa Kasai wanahesabiwa maadui, na neno hilo limekuwa zito mfukoni. Kwenye treni wanauliza karatasi. Mara nyingine wanatazama na kurudisha. Mara nyingine mtu anateremshwa hata kabla ya stesheni ya Kapolowe, na wale aliokaa nao wanaulizwa: huyu ni nani wenu?

Nilijiona nikiulizwa swali hilo. Sikupenda jibu nililojisikia nikitoa.

Kwa hiyo nilijiambia kwamba namlinda, bora nusu shari kuliko shari kamili. Nikajiambia pia kwamba gofu ni ya watu wanne, hata Wazungu wanajua. Nililala vizuri siku ya Jumatano. Alhamisi sikulala vizuri sana. Jumamosi nilimpanga Kalombo abebe upande wa mbali wa uwanja, kusudi nisikutane na macho yake.

Leo asubuhi tulikuwa na mazoezi ya safari. Nilifikiri Kalombo hatakuja. Alikuja wa kwanza, amevaa koti lake la kijani, mikono ndani ya kwapa kwa baridi.

Léon alianza kulima kama kawaida yake. Mumba alimwambia shika hivi, Kabwe akamwambia hapana, shika vile, wakaanza kubishana wao wawili na kumsahau kabisa. Kalombo alimwendea. Hakusimama nyuma yake kama sisi tunavyofanya. Alisimama mbele yake, uso kwa uso, akashika fimbo yake ya kushoto, akamwambia, "Usiangalie mupira. Angaliya minye. Fanya sawa nafanya."

Alinyanyua, Léon akanyanyua. Alishusha, Léon akashusha. Walikuwa kama mtu na kioo chake. Mkono wa kushoto wa mmoja ulikuwa mbele ya mkono wa kulia wa mwingine, na Léon hakuhitaji kugeuza kitu chochote kichwani. Sisi miaka yote tumecheka kwamba Kalombo anacheza kinyume, na hakuna aliyefikiri kwamba ndiye pekee anayeweza kumfundisha mtu akiwa amemtazama usoni.

Mara ya saba au ya nane Léon alipiga mpira ukapaa. Ulipaa kweli. Udongo haukutoka hata punje. Shemeji yangu alibaki na mdomo wazi, kisha akaruka ruka kama amepata mtoto wa kiume, akamkumbatia Kalombo.

"Kule Elisabethville usitupatishe haya," Kalombo alimwambia, akicheka.

Usitupatishe. Sisi. Alikuwa anamtengeneza Léon kwa safari ambayo mimi nilimtoa yeye, na bado alikuwa anajihesabu ndani. Nilijifanya natafuta mpira kwenye majani. Macho yalikuwa yanawasha, na siyo kwa moshi.

Mchana nilirudi nyumbani, tukakaa kula bukari, ugali wetu wa huku. Mke wangu hakuuliza nina nini. Aliuliza, "Na Kalombo anaenda?"

"Mufuko wake uko muzito," nilisema.

"Mufuko!" Aliacha kula kabisa. "Baba Georgette, minye siko mutoto. Sema unaogopa njia."

Nilisema naogopa njia. Ilikuwa mara ya kwanza kulitoa mdomoni, na nilipolitoa niliona ni jambo dogo kuliko nilivyolibeba. Nilimweleza treni, karatasi, swali lile.

"Sasa kama njia iko mubaya juu yake, juu ya nini munafwata njia?" alisema. "Bambie bao bakuye huku. Bao karatasi yabo haina matata."

"Nyungu je?"

"Nyungu iko yangu. Bukari wanaongeza bunga, basi. Weye njo unahesabu bantu sawa vidonge."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Wiki nzima nimepiga hesabu za wawili, watatu, wanane, na sikuwahi kufikiri kwamba watu wa kusafiri wanaweza kuwa wale wengine. Kwa nini sikufikiri? Kwa sababu nilitaka kwenda. Nilitaka kuteremka stesheni ya Elisabethville na mfuko wa gofu begani ukiwa wa kwangu mwenyewe, siyo wa mtu anayetembea mbele yangu. Hiyo nayo niiandike, maana ni kweli. Na Léon amekwisha kushonesha suruali.

Saa tisa niliwaita wote kwenye kibanda cha mipira. Niliwaambia hatuendi. Tunawaalika wao, waje huku Likasi, wale kwetu.

Léon alikasirika. "Na pantalon yangu?"

"Utaivaa huku," Kabwe alisema. "Hata huku tuko na macho."

Mumba alisema uwanja wetu una mashimo mabaya na tutaaibika. Kabwe alisema mashimo mabaya ndiyo faida yetu, sisi tumeyazoea. Waliondoka wakibishana, na Léon nyuma yao akinung'unika, lakini akitembea alikuwa anazungusha mikono hewani kama alivyofundishwa, na nilijua atasamehe kabla ya chakula cha jioni. Safari ya kuona Elisabethville imekufa, na imekufa kwa ajili ya watu wote wanne. Kidogo nasikitika. Kidogo tu.

Kalombo hakuondoka. Alikaa kwenye benchi na mfuko wake katikati ya magoti, anafuta fimbo ambazo zilikuwa safi tayari.

"Kapita," alisema. Tukiwa wawili huwa ananiita kwa jina langu. "Nakuuliza kitu moya. Unijibu sawa mu konfesyo, mbele ya padri."

"Uliza."

"Siku ile ya Jumatano. Ulikuwa unaogopa juu ya minye, ao ulikuwa unaogopa minye?"

Kulikuwa na jibu zuri, na lilikuwa karibu sana. Ningesema niliogopa kwa ajili yake, yeye ndugu yangu, na isingekuwa uongo. Angeshukuru labda. Tungepeana mikono.

"Yote mbili," nilisema.

Aliendelea kufuta fimbo. Kwa mbali mlinzi alikuwa anaita mbwa wake. Nilifikiri sasa atainuka aende, na sitakuwa na neno la kumrudisha.

"Nilijua," alisema. "Minye pia niliogopa. Njo maana sikukuuliza Jumatano."

Baridi ilianza kurudi kwenye miguu. Baadaye aliniambia kwamba mwezi uliopita alikata tiketi kwenda kumwona dada yake, akafika stesheni, akasimama, akarudi nyumbani kwa miguu bila kumwambia mtu. Mwezi mzima tumecheza Jumatatu zote pamoja na hakusema. Na mimi, kapita, mwenye kuhesabu watu wote, sikuona.

Tulirudi mjini pamoja. Nilimbebea mfuko wake. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akaniachia, na kweli ni mzito. Njiani tulipanga nani atalala kwa nani wageni wakija, na kama tutawachanganya, mmoja wao na mmoja wetu, badala ya kushindana mji na mji. Kalombo anataka Léon awe upande wake. Nilimwambia huo ni ujasiri kuliko kupanda treni, na alicheka kwa sauti mpaka wanawake waliokuwa bombani wakageuka.

Sasa hivi nimemaliza barua. Nimeandika: kujeni bote, msiache mtu. Kesho asubuhi naipeleka posta kabla sijabadili neno.

Mwili umechoka vizuri, sombe inanukia, na nina amani. Ila kuna swali moja linakaa nami hapa mlangoni, na giza linaingia sijalijibu.

Kama Kalombo asingeniuliza leo, ningemwambia ukweli lini?